Wimbo wa Robine Ulioambiwa Usubiri

Kwetu Bujumbura mtu aliyepewa neno mbele ya watu haingiliwi. Hata akidanganya, hata jua likihama kutoka mguu mmoja wa hema mpaka mwingine, unatulia, unaitazama chupa yako ya Fanta, unangoja amalize ndipo upige makofi. Nimelelewa hivyo. Lakini siku ya kuondoa matanga ya kwanza ya Vieux Sele, mpiga gitaa wetu, Déo, prezida wa club ya mashabiki wake, aliposhika mikro na kusema, kwa ile sauti yake ya kusoma Waraka kanisani, kwamba "club yetu siku zote ilimusukuma muzee aimbe ukweli, ata pale yeye mwenyewe alisitasita," niliweka chupa yangu chini. Nikasimama na mtoto mgongoni. Sikuhitaji mikro. Nikasema: "Prezida, apo unadanganya. Na unajua unadanganya." Shangazi mmoja wa marehemu, mama ambaye sikuwa namjua, akanivuta kitenge: "Mama, kaa chini. Iyi ni matanga, si soko." Déo hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti, na hilo ndilo linalonimaliza. Alinitazama juu ya miwani, macho yamelowa, akasema taratibu: "Mama Bella, club iko na sheria zake. Malalamiko inaandikwa." Kisha akarudi kwenye hotuba yake pale pale alipoiachia, na watu wakapumua.

Inaandikwa, ndiyo. Nani asiyejua? Ile sheria ya malalamiko niliinakili mimi kwa mkono wangu kwenye kaye, daftari la club, miaka saba iliyopita, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikivuja. Nilirudi nyumbani, nikamlaza mtoto, nikatafuta karatasi. Ila nilipoandika tarehe tu nikakwama. Hotuba ya uongo hupita na upepo, lakini malalamiko ya uongo hubaki kwenye faili. Ilinibidi kwanza nikumbuke mwaka ule wote, na nikumbuke na yale nisiyoyapenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Bella alikuwa na miezi minne, na baba yake alikuwa Lusaka akitafuta maisha, ambayo ni namna ya heshima ya kusema kwamba alikuwa Lusaka. Nilipanga chumba kimoja Kinama, bati juu, sementi chini, na diploma yangu ya sekondari ilikuwa chini ya godoro ikijinyoosha. Nilikuwa na hasira kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sitaki kuipamba: ilikuwa hasira ya bido, madumu ya maji. Robine, bomba la maji la mtaa wetu, ilikuwa imekauka kwa wiki nyingi. Kila alfajiri nilimfunga Bella mgongoni, nikabeba bido mbili za njano, nikaenda mpaka mtaa wa tatu, nikapanga mstari na wanawake wengine, tukagombana, tukapatana, nikarudi shingo imezama mabegani. Siku redio yangu iliponyamaza nikaona basi, sasa hata kitu cha kunisemesha hakuna. Nikaipeleka kwa fundi aliyekuwa karibu na soko. Kilikuwa kibanda chenye meza iliyojaa matumbo ya redio, na nyuma ya meza mzee, Vieux Sele mwenyewe, amevaa koti la ngozi. Koti la ngozi, Kinama, saa saba mchana! Nywele alikuwa amezipaka dawa, na jasho lilikuwa likimshukia jeusi mpaka sikioni. Alikuwa ameshika gitaa la umeme, amelichomeka kwenye spika aliyoitengeneza mwenyewe ndani ya sanduku la mbao. Akapiga kidogo. Akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia, "Nasikia kelele." "Kelele ya namna gani?" "Kelele ya bati wakati wa mvua. Ila iyi bati iko na hasira." Akaweka koleo mezani polepole, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. "Umesoma?" "Nimemaliza." "Na mwandiko?" Nikamwandikia jina la Bella nyuma ya boksi la balbu. Redio aliitengeneza siku hiyo hiyo, na Jumapili iliyofuata nikawa sekretere wa Club ya Marafiki wa Transfo.

Transfo ni bendi ya rock. Najua mtu wa nje atacheka kusikia rock na Kinama katika sentensi moja, na acheke, sisi wenyewe tulikuwa tunacheka. Walikuwa wazee wanne, na Sele ndiye aliyeimba na kupiga gitaa mbele. Siku yao ya kwanza kupiga, wakiwa vijana, mtaa mzima ulibaki gizani kwa sababu transfo, mashine ya kugawa umeme, iliungua, na badala ya kuona aibu wakalichukua jina. Walikuwa na wimbo mmoja uliowajulisha, wa msichana wa Rohero aliyepanda pikipiki ya mwanamume mwingine, na ule wimbo uliwalisha kwenye harusi za Kigobe na Kinindo, mitaa ya wenye pesa, mpaka mvi. Club ilikuwa na watu saba. Nitawataja wawili tu, maana wale wengine walikuwa watu wema wa kuinua mkono. Déo alikuwa prezida, mpanga mafaili katika ofisi moja Kigobe, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya mafuriko. Papa Fiston alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vyuma vya pikipiki, sauti kama pikipiki zenyewe. Na tulikuwa na desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Hakuna wimbo wa Transfo uliotoka nje bila kupita kwetu. Bendi ilikuja Jumapili baada ya ibada, ikaupiga mara tatu: mara ya kwanza tumesimama, mara ya pili tumekaa tunakula, mara ya tatu tumefumba macho na hakuna anayesema kitu. Halafu tulipiga kura. Kura zilikuwa tatu: utoke, usitoke, usubiri. Sekretere hapigi kura, anaandika, isipokuwa pande zikilingana.

Tulikutania kwa Déo, nyumba chache kutoka kwangu, kwenye salon yake, na nikifumba macho leo naiona yote. Viti vyenye vitambaa vilivyofumwa na mke wake, kabati la vioo lenye glasi ambazo hakuna aliyewahi kunywea, kalenda ya parokia, na picha ya Transfo wakiwa vijana, suruali pana kuliko mlango. Tulikula bugali, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala wa kukaanga, na mke wa Déo alikuwa akiingia na kutoka na sahani kama mtu asiyesikiliza, kumbe hakuna neno lililompita. Siku moja nilimsikia jikoni akimwambia jirani yake: "Iyi wanaume wanachagua wimbo kama wazazi wanachagua mukwe. Na wimbo yenyewe iko inacheza nje na haiwajali." Bella alikuwa akilala kwenye kochi kubwa, katikati ya wapiga gitaa wawili, spika pembeni yake, na halali nyumbani kwangu penye kimya. Miezi ile ya kwanza sikujua kama naupenda ule muziki. Nilichojua ni kwamba kwa saa tatu kila Jumapili nilikuwa kwenye chumba ambamo watu wanapaza sauti na si mimi wanayenipazia. Kwa mwanamke wa umri wangu, wa hali yangu, hiyo ilikuwa likizo.

Ugomvi wenyewe aliuleta Papa Fiston kwenye simu. Alikuwa ameona bendi moja ya wazungu wazee, nywele nyeupe mpaka kiunoni, imetoa wimbo wa kuwasema wakubwa wa nchi yao, na mashabiki wao duniani kote wanagombana: wengine wanasema safi, wengine wanasema wazee wapige tu zile za zamani. Akaweka simu katikati ya sahani. "Ona bazee ba Ulaya bamesimama. Na sisi? Bazee betu bataimba musichana ya Rohero mpaka lini? Ule musichana sasa ni bibi, iko na wajukuu!" Déo akafuta mikono. "Wale wazungu wako na avoka wa kuwatetea kortini na nyumba tatu tatu. Vieux Sele iko na koleo." Tukacheka, Sele naye akacheka. "Mi nikitaka hotuba nafungua redio," Déo akaendelea. "Nikitaka gitaa nakuja apa. Kwa nini munataka kunichanganyia bugali na chai?" Fiston akasema gitaa lisilo na hasira ni kinanda cha kanisa tu. "Apana kutukana kinanda," Déo akasema, "mama watoto anaimba kwaya." Na mama watoto kutoka jikoni: "Muache anitukane, lakini arudishe sahani ya ndagala kwanza!" Basi Déo akamgeukia Sele mwenyewe, na hapa alisema neno ambalo bado nalikumbuka kwa sababu lilikuwa kali na lilikuwa na haki ndani yake. "Vieux, nisamehe. Wakati mulikuwa na meno muliimba mapenzi. Sasa meno imeisha ndiyo munataka kuuma?" Sele akafungua kinywa wazi, akayahesabu kwa kidole, bila aibu. "Imebaki ine," akasema. "Kwa wimbo moja inatosha."

Hapo ndipo tulipojua kwamba wimbo tayari upo. Na mimi nilijua zaidi, kwa sababu nilijua ulikotoka. Wiki chache nyuma nilikuwa nimepita kwenye kibanda chake na bido tupu, nimechelewa mstarini, nimekosa. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikaimwaga yote. Nikamwambia robine ya mtaa wetu inakohoa tu, nakupelekea bido inakupa pumzi, utafikiri kuna mtu amekaa ndani anatucheka. Nikamwambia nilipita Kinindo kufua kwa mama mmoja, nikaona majani ya bustani yanamwagiliwa asubuhi na jioni, na mtoto wangu naogesha kwa kitambaa. Alikuwa ameinamia redio, nikadhani hasikii. Jumapili ile alipoanza kuimba tumesimama, nilishika kiti. *We robine ya Kinama, nani alikufundisha kukohoa? Nakuletea bido, unanipa pumzi. Kule chini majani inaoga mara mbili, uku juu mutoto anaoga kwa kitambaa.* Hakuna zaidi ya hapo. Hakutaja mkubwa yeyote, hakutukana mtu. Aliirudia tu, na kila mara gitaa lilikohoa pale robine inapokohoa. Nilikuwa sijawahi kusikia maneno yangu yakitoka kwenye spika. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga mtu.

Mara ya tatu, ile ya kufumba macho, niliweka simu yangu mezani irekodi. Haikuwa desturi, hakuna aliyeniruhusu. Katikati Bella akaamka akalia, kilio kirefu cha njaa. Nikaruka kumchukua. Sele hakusimamisha wimbo. Alishusha gitaa mpaka ton, sauti ya wimbo, ikakutana na kile kilio, akakaa pale pale na mtoto, na akasema bila kufumbua macho: "Muache, mama. Ameingia kwa ton." Akaimba mstari wa mwisho mara mbili zaidi, kwa ajili yake.

Kura hatukupiga siku ile. Tulibishana Jumapili tatu. Mtu anaweza kudhani tulikuwa bunge. Fiston alisema bendi ya zamani ndiyo yenye haki, kwa sababu ina watu wa kuisikiliza. Kijana akiimba robine nani atageuka? Mwingine akasema basi tutawapoteza watu wa harusi. Mwingine akauliza kama robine ni siasa au ni fundi bomba tu. "Kama ni fundi bomba," Déo akajibu, "mbona munaogopa kuiimba mukiwa barabarani?" Na wakati wanabishana, wanakunywa maji. Maji yangu! Mke wa Déo alikuwa mgonjwa wa mgongo mwezi ule na mimi ndiye niliyekuwa nikiwabebea bido ya kikao, kutoka mtaa wa tatu. Wanajaza glasi, wanasafisha koo, wanaendelea: je, muziki una kazi ya kusema juu ya maji? Nilikuwa naandika, na kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Lakini Jumapili ya pili nilisikia kitu. Nilikuwa nimeingia chumba cha ndani kumbadilisha Bella, na Déo na Sele walikuwa kwenye koridoo, wakidhani wako peke yao. "Vieux, mi niko na woga," Déo alisema. "Nafanya kazi Kigobe, najua vile karatasi inatembea. Inaanzia kwa meza ya mutu anacheka." "Déo, ni wimbo juu ya robine." "Ndiyo maana! Ingekuwa juu ya dunia yote hakuna mutu angeisikia." "Unaogopea kazi yako?" Nilishika mguu wa Bella asipige teke ukuta. "Naogopa," Déo akasema, na sauti yake haikuwa ya Waraka, "naogopa kuimba ule wimbo ya pikipiki juu ya kaburi yako." Sele akamgonga begani na ule mkono wake wenye harufu ya risasi ya kuchomelea. "Utauimba tu, we. Kwa iyi au kwa malaria." Mwaka huu, kwenye kaburi, tumeuimba. Ni sukari iliyompeleka, haikuwa wimbo wala malaria. Déo alianza mstari wa kwanza na hakuweza kumaliza, sisi wengine tukamalizia.

Sasa Jumapili ya kura. Hapa ndipo kalamu yangu ilipokataa wiki iliyopita. Mikono mitatu ikasema utoke, Fiston akiinua wake kama anasimamisha gari. Mikono mitatu ikasema usitoke, wa Déo ukiwa wa mwisho na wa chini kuliko yote. Tatu kwa tatu. Wote wakanigeukia. Sele alikuwa amekaa kwenye kochi na Bella mapajani, akimpa kidole chake anyonye. Hakuniangalia kwa kuniomba. Alijua maneno ni yangu, alijua ningesema nini, na mimi nilijua. Nilifungua mdomo. Na pale pale, nje, mtoto wa jirani akapiga kelele ambayo mtaa ule wote ulikuwa ukiingoja kwa miezi: "Maji inakuja! Robine ya apa! Maji inakuja!"

Nilisikia bido zikigongana uani kwa jirani. Nilisikia wanawake wakikimbia. Nilijua nikisema utoke, Déo atasimama kueleza, Fiston atasimama kumjibu, na kwa sheria zetu sekretere hatoki mpaka kila neno liandikwe. Saa nzima. Na robine zetu nilizijua, hazikai saa nzima. Nilisema: "Usubiri." Nikaliandika haraka, nikapiga mstari chini yake, nikamnyakua Bella kwenye mapaja ya Sele na nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia Fiston akipiga ukelele, "Mama Bella! Mama Bella, unafanya nini?" Nilikuwa na bido tatu, mbili zangu na ile ya kikao. Mbili zilijaa. Ya tatu ilifika nusu, robine ikakohoa, ikatupa pumzi, ikarudi kulala.

Nilidhani ni wiki moja. Usubiri ni usubiri, si usitoke. Lakini kulikuwa na sheria ya zamani, aliyoiweka Sele mwenyewe akiwa kijana mwenye meno yote: wimbo ulioambiwa usubiri haupigwi popote, hata kwa kunong'ona, mpaka club ikae tena na watu wote saba. Jumapili iliyofuata Papa Fiston hakuja. Alikuwa amefunga vyuma vyake amerudi Uvira, na aliniachia neno kwa mke wa Déo: "Mwambie sekretere alichagua muzuri, bido inabebeka, wimbo haibebeki." Tukabaki sita. Tulimwandikia, hakujibu. Tukamwambia Sele tubadilishe sheria, hata Déo mwenyewe alipendekeza, nakiri, ndiyo iko kwenye kaye ukurasa wa nyuma. Sele akakataa. Wengine mngesema ni hekima. Mimi niliona ni kiburi cha mzee. "Mi kwa maisha yangu yote sijakatazwa wimbo na mukubwa yeyote," alisema. "Nimekatazwa na watu ninajua majina yao na majina ya watoto wao. Iyo ni heshima, musiniharibie."

Kisha maisha yakafanya kazi yake. Baba Bella alirudi kutoka Lusaka, akaondoka, akarudi mwanamume mwenye adabu zaidi, tukapata huyu wa pili. Niliacha usekretere, nikabaki memba. Lakini kibandani kwa Sele nilipita kila mwezi, redio iwe mbovu au isiwe mbovu, na kila mara aliniuliza swali moja: "Bado sita?" "Bado sita, Vieux." "Bon." Na akarudi kwenye koleo. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, koti la ngozi limetundikwa kwenye msumari kama mtu wa pili ndani ya chumba, nywele zimeota nyeupe kwa sababu hakuna aliyempaka. Nilikuwa nimemleta Bella. Akamtazama sana. "We unajua uko memba wa bendi?" Bella, mdomo kama wa mama yake, akamjibu kwamba yeye anataka kuwa daktari. "Memba wa bendi pia wanakuwa daktari," Sele akasema. Kisha akaniuliza. Nikamjibu. Bado sita.

Kwa hiyo Déo anasimama mbele ya hema na kusema tulimsukuma. Na anasema hivyo huku analia, na najua kwa nini anasema, na hilo ndilo linanikasirisha kuliko uongo wenyewe. Anataka iwe kweli. Na mimi nataka. Kila mtu chini ya hema lile alipiga makofi kwa sababu alitaka iwe kweli. Lakini Déo ametangaza kwamba kwenye matanga ya mwisho, mwaka ukitimia, atasoma historia ya club kutoka kwenye kaye, mbele ya watoto wa marehemu, na wao watabeba aliyoyasoma. Na kadi ya ile simu yangu ya zamani, yenye wimbo niliorekodi, bado ninayo, imefungwa kwenye kona ya kitenge ambacho sikivai.

Nilimpelekea malalamiko yangu Jumamosi. Ilibidi iwe kwake, ndiye prezida, ndivyo sheria inavyosema. Mke wake alinipa kiti na chai kabla hajajua nimekuja kugombana, na alipojua akaongeza sukari. Déo alisoma amesimama, miwani puani. Akasoma mara ya pili amekaa. Mara ya tatu sijui kama alisoma, alifumba macho tu. "Umejiandika na we mwenyewe," akasema. "Nimejiandika wa kwanza." "Iko na kosa moja. Nilisema usitoke, ndiyo. Lakini nilisema pia kwamba naupenda kuliko zote. Hukuandika ile siku, ulikuwa unakimbia. Ongeza." Nikaongeza, na kalamu yake. Akatafuta tampo, muhuri wa club, kwenye droo, akapuliza wino, akapiga. Ninayoweka hapa ni nakala, neno kwa neno.

*Kwa Prezida wa Club ya Marafiki wa Transfo, Kinama.*

*Kutoka kwa Mama Bella, aliyekuwa sekretere.*

*Kuhusu: uongo uliosemwa kwenye matanga ya Vieux Sele, na wimbo wa robine.*

*Prezida, nalalamika juu yako, juu ya club, na juu yangu. Ulisema tulimsukuma marehemu aimbe ukweli. Kaye inasema tofauti. Marehemu aliuleta wimbo mwenyewe. Tuliubishania Jumapili tatu tukinywa maji niliyobeba mimi. Watu watatu walisema utoke, watatu walisema usitoke. Wewe ulisema usitoke, na ulisema pia kwamba unaupenda kuliko zote, na sababu yako ilikuwa woga kwa ajili yake, si chuki. Hilo nalo liandikwe. Hakuna mkubwa aliyeuzuia ule wimbo. Tuliuzuia sisi, watu waliompenda.*

*Naomba haya. Historia ya club isisomwe mpaka isahihishwe. Papa Fiston aandikiwe Uvira kwa mara nyingine, na aambiwe kwamba sekretere anakiri. Siku ya matanga ya mwisho tukae saba kama sheria inavyotaka. Kiti cha marehemu hakihesabiwi, yeye hakuwa memba, alikuwa bendi. Wimbo upigwe kutoka kwenye kadi niliyo nayo, mara tatu, kwa desturi: tumesimama, tumekaa tunakula, tumefumba macho. Kilio cha mtoto kisikatwe. Marehemu alisema ameingia kwa ton.*

*Mwisho, naomba ukurasa wa kura usahihishwe kwa wino mwingine ili kila mtu aone. Mahali nilipoandika "usubiri" sikuandika sababu. Iandikwe sasa. Sikuogopa mtu, na sikuuchukia wimbo. Maneno yake yalikuwa yangu. Nilikuwa na bido tatu. Ya tatu haikujaa.*